Mzee Donatus na Miaka Thelathini na Moja ya Kusalimia Magurudumu

Kutoka Ngokolo hadi Chato hakuna fundi anayemshinda Doto kwa kushindilia grisi kwenye beringi, na Doto ndiye mimi ninayeandika. Nimewahi kufunga magurudumu manne ya tela nimefumba macho, mkono mmoja umeshika muwa. Anayebisha aje karakana, ila aje ameshakula, maana atakaa sana kushangaa. Lakini leo si siku yangu. Leo, tarehe 30 Juni, anastaafu mtu pekee aliyewahi kuniambia kwamba sijui kitu: Mzee Donatus Masalu, baada ya miaka thelathini na moja katika karakana ya kampuni yetu ya uwindaji, Swala Wanne, hapa Shinyanga.

Meneja wetu, Bwana Nuruddin, alipotafuta wa kuandika wasifu huu, wenye diploma wote waliinama kama waliodondosha sindano. Mimi niliyeishia kidato cha pili nikanyoosha mkono. Akasema, "Doto, andika vizuri na utani usiweke." Nimeandika vizuri. Utani umeingia wenyewe. Alitaka pia aupitie kwanza, lakini stationari walikuwa wanafunga, nikaona nisimsumbue.

Mzee Donatus aliajiriwa mwaka 1994, tena si kama fundi, bali mlinzi wa geti. Wiki ya tatu tela likaingia, yeye akainua kizuizi, akatega sikio na kusema, "Gurudumu la nyuma kushoto linakufa." Fundi wa enzi hizo akamcheka mpaka akakaa chini. Walipofungua, beringi ilimwagika kama unga wa dona. Mwezi haukuisha, Mzee akavuliwa koti la mlinzi akapewa ovaroli. Koti lile lipo hadi leo, limetundikwa nyuma ya mlango wa stoo.

Sasa nieleze kazi yenyewe, kwa ajili ya mashemeji na wakwe mliofuata pilau. Kila Juni, kabla ya msimu wa uwindaji, matela yetu hupakiwa mahema, majokofu, mapipa ya maji na vitanda vya wageni, yakaingia porini kwenye vumbi na makorongo. Kila gurudumu linazungukia beringi mbili. Beringi ikikosa matunzo inapata moto, ikipata moto inasagika, ikisagika gurudumu linaondoka kwenda linakojua. Kwa hiyo zote zinafunguliwa, zinaoshwa kwa mafuta ya taa, zinakaguliwa moja moja, kisha zinashindiliwa grisi mpya kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili.

Na hapo ndipo Mzee alipotutesa. Ana makopo manne ya maziwa ya unga, yameandikwa namba moja hadi nne. Beringi za gurudumu la kwanza zinaoshwa kwenye kopo la kwanza, za pili kwenye la pili, na ole wako uchanganye. "Beringi na kikombe chake cha chuma wamezeeka pamoja," anasema. "Ukimpa mume wa jirani, watagombana njiani." Mtu unamaliza asubuhi nzima kwa kazi ambayo mwenye akili angetumia beseni moja na saa moja.

Akimaliza kufunga, tela linazungushwa barabarani kilomita ishirini. Likirudi, Mzee analizunguka kwa heshima zote, anagusa kitovu cha kila gurudumu kwa mgongo wa mkono na kukiambia, "Mwangaluka," salamu ya asubuhi ya Kisukuma, hata kama ni saa kumi jioni. Gurudumu la baridi limeitika salamu. Gurudumu linalounguza limekutukana, na mtu akikutukana huondoki naye safari. Wageni wa kizungu walidhani ni tambiko, mmoja akavua kofia.

Mkewe, Mama Paskazia, yupo hapa leo na ni shahidi kwamba shuka zao zinanuka grisi tangu mwaka wa ndoa. Aliwahi kuniambia, "Mwanangu Doto, mimi nimeolewa na tela, huyu baba alikuja kama mzigo." Na kwenye harusi ya binti yao kule Chato, tela la kubebea kabati na kitanda cha maharusi lilifika likiguna. Kwaya ikaimba, bibi harusi akashuka, baba mzazi haonekani. Kwenye albamu ya harusi ile kuna picha moja nzuri ya familia nzima, na upande wa kulia viatu viwili vyeusi vinachungulia chini ya tela. Ndiye yeye. Suti haikupona.

Ndani ya mlango wa karakana, Mzee aliandika kwa chaki mwaka 1994: "Magurudumu yaliyotoka njiani: 0." Kila Januari msimu ukiisha anaikoleza sifuri yake kwa chaki mpya, taratibu, kama mtu anayepaka kucha rangi. Mishahara imepanda ikashuka, mameneja wamekuja na kuondoka, sifuri ilikaa miaka thelathini.

Jambo ambalo wengi hamlijui ni kwamba fundi huyu aliyeyapeleka matela porini miaka yote hiyo hajawahi kufika porini. Nyati anamjua kwenye kalenda. Ndiyo maana mwaka jana, kabla ya msimu, Bwana Nuruddin alimwahidi, "Safari hii utakaa kiti cha mbele, uende kama mgeni." Mzee alinunua kofia. Alianza kuivaa wiki mbili kabla, hata uvunguni mwa tela, na Mama Paskazia akaapa kwamba alilala nayo.

Tukaondoka alfajiri, dereva Eliya kwenye usukani, Mzee pembeni yake na kofia yake, mimi kiti cha nyuma. Tukapita Kahama, tukafika Geita, tukanywa chai. Mzee akataka kushuka akasalimie magurudumu, mimi nikamzuia. Nikamwambia, "Mzee, leo wewe ni mgeni, mgeni hagusi gurudumu." Akacheka, akaniita mwanangu kwa Kisukuma: "Haya, ng'wana wane, leo mkono ni wako." Nikazunguka, nikarudi, nikamwambia yote yameitika.

Tulipoingia Katoro, gurudumu likatupita. Eliya alilitazama akasema kwa mshangao, "Huyo naye anakimbilia wapi?" kabla hajaelewa kwamba ni la kwetu. Liliwatawanya bodaboda, likapita mbele ya duka la mnunuzi wa dhahabu, likajilaza kwenye nyanya za mama mmoja ambaye matusi yake nimeyahifadhi kwa matumizi ya baadaye. Hakuna aliyeumia. Lakini tela lililala ubavu na majokofu yakamwagika barabarani.

Mzee aliokota beringi iliyoungua, akaigeuza kwenye mwanga. Kisha akampigia meneja simu, nami nimesimama hapo nasikia. "Kazi ni yangu," alisema. "Mkono ni wangu." Jioni ile alipandishwa basi la kurudi Shinyanga, na kofia kaishika mkononi. Porini hakufika. Januari alichukua chaki, akafuta sifuri yake mwenyewe, akaandika moja.

Tangu hapo mnamtania, na mimi nimo. "Mzee wa moja." Anacheka na nyinyi.

Basi, Mzee wetu, kwa niaba ya karakana nzima, asante kwa masikio yako, kwa makopo yako, na kwa kututoa ujinga bila kutupiga, ingawa tulistahili. Uende nyumbani kwa afya na amani, Mama Paskazia apate shuka zinazonukia sabuni, na kila unachokisalimia asubuhi kikuitikie.

Na wewe Bwana Nuruddin, najua sasa hivi unaisoma karatasi hii umekunja uso. Msafara wa msimu huu unaondoka kesho. Matela nimeyaandaa mimi, kwenye makopo manne, na yamechukua asubuhi nzima. Kiti changu kiko wazi, mpe Mzee. Mimi unaweza kunifukuza, au unipe lile koti la nyuma ya mlango nikae getini. Nimeshalijaribu, linanitosha.

Kwa sababu mwaka jana, Mzee alipokwenda kunyoa ili akapendeze porini, aliniachia beringi zote nane. Nilitaka kuwaonyesha watu kwamba naweza kumaliza kabla hajarudi. Niliziosha kwenye beseni moja, nikazifunga popote zilipoingia. Zile kilomita ishirini tela likiwa tupu, hazikusema kitu.

Pale Geita, gurudumu la nne liliniunguza mkono mpaka ukatoa lengelenge. Katoro, Mzee alipomaliza kuitazama beringi, aliutazama mkono wangu, halafu ndipo akapiga simu.

Lile moja la mlangoni ni langu. Gurudumu la nne halikuitika, na mimi nikasema limeitika.