Anzia Kesho, Karani wa Masjala

Kaka yetu, mliyemzoea kwa jina la Anzia Kesho, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, wa kwanza kati ya wanne. Mimi ninayesoma ndiye kitindamimba. Alisoma hadi kidato cha nne, akajifunza ukarani mwaka mzima, na kuanzia 1980 hadi alipostaafu 2018 alikaa dirisha lile lile la masjala ya mahakama, akipokea utetezi wa walioshtakiwa kwenye kesi za madai.

Jina alilipata hapo. Watu walipewa siku ishirini na moja za kujibu, wakahesabu na siku waliyopokea wito, wakakata tamaa mapema. Yeye akawaambia, "Leo haihesabiwi. Anzia kesho."

Mwaka 1987 alifika fundi cherehani mmoja. Jirani alikuwa anamdai nyumba aliyoachiwa na mama yake, na wito ameuficha chini ya cherehani.

"Nilidhani nisipoujibu utachoka."

"Karatasi ya mahakama haichoki, dada. Leo Jumatatu, siku ya ishirini na nne; mwisho ulikuwa Ijumaa."

"Basi nigongee muhuri wa Ijumaa. Nani atajua?"

"Mimi."

Dada wa watu akalia. Kaka akamsogezea karatasi nyeupe, aombe kuongezewa muda.

"Sababu unayo?"

"Wito ulinikuta namzika mama."

"Ungeanza na hilo."

Hakimu alimpa siku kumi. Utetezi akauleta siku ya pili. Kesi ilikwenda miaka miwili, nyumba ikabaki yake.

Kaka alingoja hukumu itoke, asije akasemwa, ndipo akaanza kumpelekea suruali zisizo na hata tobo. Alipomposa alijibiwa, "Niongezee muda." Akauliza, "Sababu?" Hakuwa nayo. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1990.

Januari 2024 aligundulika ana saratani ya tumbo. Hospitali walipomaliza yao, aliomba kurudi nyumbani. Wifi alimtandikia chumba cha mbele, akawa anashona huku anamsikiliza anavyopumua. Alifariki Jumapili, 9 Juni 2024, saa mbili asubuhi, mkono wake mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu na sisi wadogo zake watatu. Ndugu tuliotoka mbali, nyumba tunayolala ni ya wifi, na ilikuwa yake kabla hajamjua kaka. Jana nimesikia mtu uani akiuliza itagawanywaje. Haigawanywi. Mwacheni mwenzetu alie kwake.

Kaka, umefanya yako. Pumzika kwa amani.