Mtoto Aliyemfundisha Mwalimu Pudensiana

Hamjambo huko mliko, wasikilizaji wapendwa? Aliye shambani na apumzishe jembe kidogo. Leo tunamkumbuka Mwalimu Pudensiana Temu, aliyefariki Jumanne iliyopita nyumbani kwake Kaloleni, hapa Arusha, akiwa na miaka sitini na sita. Alifundisha miaka thelathini na mitano. Narudia: thelathini na mitano, yote shule ya msingi.

Tusidanganyane. Marehemu hakuanza akiwa malaika. Alizaliwa Kibosho, akakulia Kaloleni, akapangiwa shule moja ya Waarusha, magharibi ya Mlima Meru. Alikwenda na imani moja kubwa: mtoto mwenye adabu hutamka shikamoo kwa sauti. Fimbo yake ilijulikana. Binti yake, Irine, anasema hata nyumbani ilikuwepo nyingine, juu ya kabati la vyombo, na wao watoto walikuwa wakiiamkia kabla ya kumwamkia mama.

Mwaka 2003, siku ya kwanza ya darasa la kwanza, aliletwa mtoto anayeitwa Nanyori. Alikuwa na miaka minane, na Kiswahili hakukijua. Mwalimu alisimama mlangoni. Nanyori akamwendea, akasimama mbele yake, akainamisha kichwa. Akangoja. Mwalimu naye akangoja shikamoo. Haikuja. Akamdai shikamoo, mtoto akazidi kuinama. Mwalimu akaona hiki ni kiburi. Akamsimamisha juani, peke yake, mpaka kengele ya saa nne.

Kesho yake Nanyori hakuja. Keshokutwa hakuja. Wiki ikaisha.

Ndipo mwalimu mwenzake, Lengai, mzaliwa wa palepale, alipomweleza taratibu. Kwa Waarusha, mtoto humletea mkubwa kichwa. Mkubwa hukigusa kwa kiganja, na hapo mtoto amepokelewa. Nanyori alikuwa akisalimia, tena kwa adabu zote alizofundishwa kwao. Aliyekosa adabu siku ile alikuwa mwalimu.

Jumamosi walipanda wote wawili kwenda kuomba radhi. Walimkuta bibi yake Nanyori. Hakuwagombeza, aliwakaribisha maziwa. Kisha akasema kwa lugha yake, Lengai akatafsiri, na maneno hayo marehemu aliyasimulia mpaka uzeeni:

"Mtoto akikuletea kichwa nawe usikiguse, umemwambia hapa si kwako. Naye ameelewa. Amekwenda kwa shangazi yake Longido, anachunga."

Maji yakimwagika hayazoleki. Mwalimu alituma ujumbe Longido mara tatu, na Nanyori hakurudi. Irine anakumbuka kwamba jioni ya Jumamosi ile mama aliishusha fimbo kabatini, akaivunja, akachochea nayo moto wa maharage. "Tulicheka kimoyomoyo," anasema, "lakini tulipomwona analia tuliacha."

Tangu Jumatatu yake alisimama getini kila asubuhi kabla ya kengele. Mwenye kuleta kichwa alimgusa kichwa. Mwenye kusema shikamoo alimwitikia marahaba. Wiki za kwanza za darasa la kwanza Lengai aliwaeleza watoto mambo kwa lugha ya nyumbani, mpaka masikio yao yakazoea Kiswahili. Na Pudensiana alipokuwa mwalimu mkuu, waliochelewa kwa ajili ya kunywesha ng'ombe hawakupigishwa magoti tena. Walipewa uji kwanza, wakaulizwa baadaye.

Wapo waliosema anadekeza watoto. Mzazi mmoja, Mzee Lesian, alisimama kikaoni akamkumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi.

"Ni kweli, mzee wangu," mwalimu akamjibu. "Mimi nilimkunja mmoja, akavunjika."

Uji ukaendelea. Wasichana waliokuwa wakimaliza darasa la saba, ambao zamani uliweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, wakajaza safu nzima ya madawati.

Miaka sita iliyopita alistaafu. Mwaka uliofuata, mama mmoja muuza maziwa alibisha hodi Kaloleni. Alikuwa Nanyori. Alikuwa ameolewa akarudi upande huu wa mlima, na watoto wake wawili wakubwa walisoma shule ileile, ndio waliomweleza habari za mwalimu wa getini. Mwalimu akaanza kuomba radhi. Nanyori akamkatiza.

"Radhi nimekupa, mwalimu. Sasa nifundishe kusoma."

Basi kila alipomaliza kuuza maziwa walikaa kibarazani na daftari. Kuna wiki alikuja, kuna wiki ng'ombe hawakumruhusu. Walikwenda hivyo hivyo miaka minne na zaidi, mpaka mwalimu alipougua.

Kwako Irine, na ukoo wote wa Temu, poleni sana kwa msiba huu. Mungu awape nguvu, na marehemu ampumzishe kwa amani. Nasi tuliobaki, walimu na wazazi, tujiulize usiku wa leo: ni mtoto gani aliondoka kwetu, nasi hatukumfuata?

Jana, msibani Kaloleni, palikuwa na kitabu cha rambirambi. Nanyori alipofika, kijana mmoja alijitolea kumwandikia. Akamshukuru, akaichukua kalamu mwenyewe. Alichukua muda, foleni ikamsubiri. Aliandika jina lake lote. Kisha, mahali palipoulizwa uhusiano wake na marehemu, akaandika neno moja: mwanafunzi.