Mama Evelina Kashindye na Chai ya Wageni Wake

Mama yetu mpendwa, Evelina Kashindye, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 huko Kamanga, Sengerema, akiwa mtoto wa tatu katika familia yao. Alisoma shule ya msingi hukohuko, akamaliza darasa la saba mwaka 1976. Sekondari hakuipata, na hilo hakupenda kulizungumzia.

Mwaka 1983 alifunga ndoa na Mzee Josephat Mashimba. Walihamia Mwanza mjini, baadaye wakajenga hapa Buswelu. Mungu aliwajalia watoto wanne.

Kwa miaka mingi mama alifanya kazi kiwandani, akikata minofu ya sangara. Akirudi jioni alipitia kwanza nyuma ya nyumba, akafikicha mchaichai mikononi, ndipo alipombeba mtoto. Hakutaka tumjue kwa harufu ya samaki. Bustani ilianzia hapo. Baadaye aliongeza mrehani na mnanaa, na majani yote ya chai aliyaanika kwenye ungo, kivulini. Ukiyaanika juani, ulisemwa mpaka ukome.

Januari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Wageni walifika kumjulia hali, wengine wa jumuiya, wengine wakivuka kwa kivuko kutoka Kamanga. Akiwa kitandani, aliagiza kila mmoja apewe chai ya bustani.

"Mama, majani yanakwisha," binti yake Nyanzala alimwambia.

"Yataota. Mgeni hawezi kukaa hapa akisubiri yaote."

Nani angembishia? Kiangazi kilikuwa kimeingia, na hayakuota.

Mwezi Agosti chakula chote kilimshinda. Tarehe 20 aliomba kitu kimoja tu, kikombe cha chai ya mchaichai. Bustanini hapakuwa na jani. Tulikimbilia kwa jirani yetu, Mama Ajwang, naye akabaki amejishika kichwa mlangoni.

"Wanangu, sisi wote tulikuwa tunachuma kwake. Nani angepanda?"

Nyanzala alileta pakiti ya mchaichai kutoka sokoni, akaupika. Mama alinusa tu, akarudisha kikombe.

"Huu umeanikwa juani."

Tulisimama pale watu wazima wanne, hatuna la kufanya. Ndipo baba alipochukua jembe, akang'oa shina la mchaichai lililokauka, akaosha mizizi na kuichemsha. Maji yalitoka na rangi ya udongo. Mama alionja, akamtazama.

"Baba Nyanzala, miaka yote hii hujajua kupika chai."

Akanywa tena kidogo, mpaka aliposhindwa.

Alifariki dunia tarehe 22 Agosti 2025, nyumbani, baba akiwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mume, watoto wanne na wajukuu tisa. Ndugu waombolezaji, baada ya maziko tunaomba mtu asiondoke bila kupata chai, maana mwenyewe asingekubali. Ni ya majani ya dukani. Mtuwie radhi, na yeye pia atuwie radhi.

Pumzika kwa amani, mama.