Kura Iliyopanda Basi la Gouyave

Basi la kwenda Gouyave, mji wa wavuvi kisiwani kwetu, lilikuwa limeshajaa alipopanda mtu ambaye hakuna aliyemtarajia: Bwana Delzin, mjumbe wetu kwenye mikutano ya mataifa, akitoka jasho ndani ya suti. Akabanwa kando ya Bi Verlyn, mkaanga samaki.

"Gari la serikali liko wapi, bwana mjumbe?"

"Wamelichukua asubuhi, dada, na kazi pia. Niliagizwa nikubali sakafu ya bahari yetu ichimbwe madini, ili tujengewe uwanja wa mpira. Nikapiga kura ya kukataa."

"Tumeshinda?"

"Kwa kura moja. Hiyo yetu."

Basi zima likashangilia. Mimi na shahada yangu ya uhusiano wa kimataifa tulifuta machozi kwa mkono wa shati.

"Basi sera ya nje naitunga mimi," Bi Verlyn akatamba. "Si nilikwambia pale mezani pangu pa samaki, watoto hawali uwanja?"

"Sera inatungwa ofisini, dada. Wewe ulinipigia kelele tu."

"Na huko ofisini nani alikupigia kelele za maana?"

Kabla hajajibu, simu yake ikalia. Alikuwa waziri, na sauti yake tuliisikia sote: arudi mjini sasa hivi, aombe radhi, atarudishiwa kazi.

"Leo Ijumaa, Mheshimiwa," Delzin akasema taratibu. "Nilimwahidi mtu kwamba tukishinda, Ijumaa nitamkaangia samaki."

Akazima simu. Tulipofika Gouyave, Bi Verlyn akagonga bati la ubavuni, basi likasimama. Delzin akavua koti, akabeba dumu la Bi Verlyn la mafuta ya kukaangia, akashuka naye.