Nusu Saa ya Mwalimu wa Kiingereza

Mgeni rasmi, Afisa Elimu wetu, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi mliopata viti na mliosimama: shikamooni.

Karibu

Sisi wanafunzi wa Darasa la Nne B tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Umekuja kufungua choo kipya, nasi tunakishukuru choo. Tuliambiwa tuanze na hilo, na kwa kweli ni kizuri. Risala hii haijapitiwa na mwalimu wetu wa Kiingereza, kwa hiyo makosa yote ni ya kwetu.

Historia ya somo

Mwaka huu tulijifunza kwa Kiingereza jinsi watu wa nchi mbalimbali wanavyoshinda siku yao. Tuko arobaini na sita na vitabu ni vitano. Mwalimu alikata maboksi akamtengenezea kila mmoja saa yake, mishale imeshikwa kwa pini. Kitabuni yumo mtoto anayekwenda shule gizani kwa sababu kwao jua huchelewa, yumo anayefagia darasa na mwalimu wake, na ukurasa wa thelathini na moja ipo nchi ambayo watu wazima wakishakula mchana hulala. Hapo tulicheka. Mwalimu akasema, "Jamani, kila watu na siku yao. Ulizeni kwanza kwa nini, ndipo mcheke." Tukauliza. Kumbe ni joto. Tukaacha kucheka.

Mafanikio

Sote tunaweza kusema kwa Kiingereza tunaamka saa ngapi, hata wale wanaoamshwa kwa maji. Mwezi uliopita tulipewa kazi: mchagueni mtu mzima mmoja, mfuatilieni, andikeni anachofanya kila saa, na msiandike msichokiona kwa macho yenu. Tulimchagua mwalimu kwa kuwa yuko karibu. Tukaandika kwenye bango: saa moja na nusu anafika, saa mbili anafundisha, saa nane mchana analala mezani, kichwa juu ya madaftari yetu, saa nane na nusu anaamka, anafundisha tena. Mwalimu alilisoma lote, akatupa kumi na tisa kwa ishirini. Moja tulinyimwa kwa uchafu. Kisha akalibandika ukutani kwa mikono yake.

Changamoto

Akaja mkaguzi. Mkaguzi huyu husoma kuta. Alituuliza kama yaliyoandikwa ni kweli, nasi tukajibu kwa pamoja, kwa Kiingereza, kwa sentensi kamili, kwamba ni kweli. Tulidhani anatupima Kiingereza. Akalibandua, akalikunja, akaondoka nalo. Baada ya wiki mbili ikaja barua kutoka ofisini kwako: kuanzia Jumatatu ijayo mwalimu wetu anahamishiwa stoo ya vitabu, hatafundisha tena. Hajatugombeza. Afadhali angetugombeza.

Ndipo tukagundua kwamba kazi tuliyoifanya ilikuwa nusu. Mwenzetu tunayemwita Jirani, kwa sababu mlango wao na wa mwalimu inatazamana, alimwuliza mama yake, akatujazia saa zilizobaki. Mama mzazi wa mwalimu amepooza. Usiku kucha mwalimu humgeuza kila baada ya saa mbili, asije akapata vidonda vya mgongo. Saa kumi alfajiri anamwogesha. Saa kumi na moja anamlisha kwa kijiko. Saa kumi na mbili anamwacha na mama Jirani, anakuja kwetu kwa miguu. Mkaguzi hakuuliza kwa nini. Sisi pia hatukuuliza, ingawa tulishafundishwa, na hilo linatuuma sana.

Maombi

Tunaomba bango letu lirudi, tulibandike pamoja na hili la pili lenye saa zote ishirini na nne. Tunaomba barua ile ifutwe. Vitabu vya stoo havina haraka. Kuhusu ile nusu saa, tumeshajipanga: saa nane tunafanya zoezi kimya, na ikitimia na nusu kiranja anagonga meza taratibu. Tumejaribu wiki nzima. Aliyetaka kukohoa alitoka nje, akakohoa, akarudi.

Mungu akupe afya, akutunzie mama yako kama bado unaye, na akujalie usingizi wa usiku. Sasa hivi ni saa saba na dakika arobaini. Tunaomba hotuba yako imalizike kabla ya saa nane.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Darasa la Nne B