Kofia ya Abiria

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, ubavuni mwa kibanda cha fundi pancha, pale njia ya vumbi inapoingia kwenye lami. Muuza kahawa aliitwa Mama Birika, mwanamke wa maneno machache na magoti yenye kelele, na wateja wake wa alfajiri walikuwa waendesha bodaboda watatu wenye maoni juu ya kila jambo. Zamani walikuwa wanne. Wa nne, Taratibu, alikuwa kwake kitandani, mguu umo kwenye plasta, kwa sababu bwana mmoja aliyeegesha gari kando ya lami alifungua mlango ghafla ili atupe maganda ya machungwa. Taratibu ndiye aliyekuwa akimpeleka shule binti wa Mama Birika. Tangu aumie, mama na binti walikuwa wakienda kwa miguu mpaka ng'ambo ya barabara kuu, magoti ya mmoja yakilalamika njia nzima, na mwingine akifika geti limeshafungwa. Asubuhi hiyo Mama Birika aliamka ameshaamua. Kabla birika halijaisha, mmoja wa hawa watatu atakuwa amepata kazi.

Hakuwazungusha. Alimimina vikombe vitatu akasema:

— Natafuta mtu wa kumpeleka binti yangu shule na kumrudisha. Kila siku ya shule. Lakini nataka kusikia kwanza. Madereva wa siku hizi hawaangalii mbele. Wewe ukiwa na mtoto wangu nyuma, unafanyaje?

Wote watatu wakakaa wima kama watu waliosikia majina yao yakiitwa.

— Kwanza tujifunze kwa marehemu, alianza Mstaafu. Alikuwa kijana asiyefika thelathini. Jina alilipata kwa sababu kila Ijumaa hutangaza kwamba ameacha bodaboda, na kila Jumatatu huonekana kijiweni wa kwanza.

— Taratibu hajafa, alisema Mama Birika.

— Marehemu wa kazi, mama. Tatizo lake ni mwendo. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na kweli hakujikwaa. Aligongwa. Angekuwa anakimbia, ule mlango ungefunguka yeye ameshapita zamani.

— Au angeondoka nao mpaka kwake, akajibu Honi. Leo ungekuwa mlango wa choo.

Honi aliitwa hivyo kwa ajili ya kitu alichokifunga mbele ya pikipiki yake, kilichong'olewa kwenye lori bovu. Alikigeukia sasa kwa mahaba.

— Mama, nisikilize mimi. Dereva wa leo macho ameyakabidhi simu. Kichwa kiko mapajani, anacheka na watu wasiokuwepo. Kilichobaki kwake ni masikio. Sasa mimi napitia masikioni. Nikiminya hiki, hata aliyelala nyumba ya tatu anajua napita.

— Juzi si ulimminyia yule wa gari jeupe? aliuliza Sheria.

— Nilimminyia.

— Akasikia?

— Alisikia vizuri sana.

— Akafanyaje?

Honi alipuliza kahawa iliyokuwa imeshapoa.

— Aliingia dukani.

— Kununua?

— Na gari lake. Lakini lilikuwa duka la ndoo za plastiki, hakuna aliyeumia.

— Na abiria wako?

— Aliruka. Ila aliruka kwa hiari yake, sikumlazimisha.

Mama Birika alikuwa akifuta kikombe ambacho tayari kilikuwa kisafi. Aliendelea kukifuta.

Sheria akajikohoza. Huyu aliwahi kuitwa mahakamani mara moja maishani, awe shahidi wa kesi ya baiskeli. Kesi ikaahirishwa kabla hajasema neno, na tangu siku ile hajanyamaza.

— Hayo ni makelele, mama. Mimi nafuata utaratibu. Dereva hagongi kitu alichokiona. Kwa hiyo lazima umfanye akuone, tena machoni. Macho hayana pazia, walisema. Akishakutazama machoni amekuwa shahidi, na shahidi hawezi kuwa mtuhumiwa.

— Hilo walisema wapi? aliuliza Mstaafu.

— Lipo. Wewe hujasoma.

— Na gari lenye vioo vyeusi je? Hayo macho utayaonea wapi?

— Nabisha hodi.

— Gari linatembea.

— Nabisha huku natembea nalo. Kwa mkono wa kushoto, kwa adabu. Nasema, samahani mkubwa, nipo hapa ubavuni mwako.

— Na klachi anaishika nani?

Sheria alifikiri. Aliyemtazama angedhani jibu liko chini ya kikombe.

— Abiria anasaidia.

— Binti yangu, alisema Mama Birika, ashike klachi.

— Kwa dharura tu, mama.

Mstaafu alikuwa akitikisa kichwa muda wote huo, kama mganga anayewasikiliza wauza dawa za mende.

— Ninyi hamwajui madereva. Dereva haoni pikipiki. Hata ukiipaka rangi zote za sokoni haioni. Anaona kitu anachokiogopa au anachokipenda, basi. Mwaka jana nilibeba mbuzi. Nilimkalisha nyuma, kageuza uso, anawatazama wanaotufuata. Mama, siku hiyo nilipewa njia kama bwana harusi. Hakuna aliyenisogelea. Mbuzi alikuwa anawatazama wakubwa kwa wadogo.

— Kwa hiyo mwanangu ageuke nyuma awatazame.

— Hapana, binadamu hana ule mtazamo. Sikiliza, sijamaliza. Baada ya mbuzi nilibeba jeneza. Tupu, la seremala pale chini, nimelilaza kwa upana. Wallahi, mama, malori yalipunguza mwendo. Basi likasimama, abiria wakavua kofia. Nikajisemea, kumbe abiria aliye hai ndiye asiyekuwa na heshima barabarani.

— Unasema nini sasa? aliuliza Honi.

— Nasema tukipata kale kadogo, ka mbao nyepesi, tukakafunga ubavuni...

— Mwanangu aende shule na jeneza, alisema Mama Birika.

— Tupu, mama. Tena anaweza kuweka madaftari.

Honi alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Sheria naye akacheka. Mama Birika hakukasirika, alikuwa amewazoea. Ila neno tupu lilimkaa mahali pabaya.

Siku ile Taratibu alipogongwa, Mama Birika alikimbia mpaka pale mlango ulipofungukia, akafika bado ameshika birika mkononi. Taratibu alikuwa ameketi kwenye mfereji, kiatu kimoja hana, anaulizia simu yake. Alikuwa ametoka tu kumshusha binti. Kofia ya binti, ile ya kijani, ilikuwa imefungwa kwa mpira juu ya siti ya nyuma, tupu, na ilikuwa imepasuka toka sikio hadi sikio. Mama Birika si mtu wa kulia. Aliifungua, akaitazama ndani, akaiweka chini, akaenda kumtafutia Taratibu kiatu.

— Tuseme jeneza hutaki, Mstaafu alikuwa akiendelea. Sawa. Basi nikiwa na mtoto wa watu napita upande wa wanaokuja. Mkataba wangu na kifo ni kuonana uso kwa uso. Anayekuja namwona. Anayenifuata nitamwonaje? Akufukuzaye hakwambii toka.

— Ungekuwa na vioo vya pembeni ungemwona, alisema Mama Birika.

Wote wanne wakazigeukia pikipiki tatu zilizoegemea kibanda cha fundi. Hakuna hata moja iliyokuwa na kioo. Zilisimama pale kama ng'ombe waliokatwa masikio.

— Vioo vinapunguza upenyo, alieleza Honi. Foleni ikisimama lazima upite katikati. Wapiganapo tembo ziumiazo nyasi.

— Maana yake?

— Maana yake tunapita katikati ya tembo wakiwa wamesimama. Tembo aliyesimama hapigani.

— Nauliza vioo viko wapi.

— Changu nanyolea ndevu, alisema Honi.

— Changu yuko nacho shemeji yenu, alisema Sheria. Kisheria ni chake, alikiomba kabla ya ndoa.

Mstaafu alijishughulisha na kamba ya kiatu.

Hapo ndipo binti alipotokea kwenye njia ya vumbi, sare imepigwa pasi, begi mgongoni, viatu vyeusi mguuni na raba kuukuu mkononi kwa ajili ya ile safari ya miguu. Miaka kumi na minne, na uso wa mtu ambaye wiki nzima ameadhibiwa kwa kuchelewa kusiko kwake.

— Shikamooni.

— Marahaba, mdogo wetu, walijibu kwa pamoja, kila mmoja akijaribu kuonekana mwangalifu.

— Leo hutembei, alisema mama yake. Kaka zako hawa wanasema wote wanafaa. Bado nachagua.

Binti alizizunguka zile pikipiki. Akatazama siti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwa Taratibu alikuwa amezoea kitu kimoja, basi akakiulizia.

— Kofia yangu iko wapi?

— Si hizi hapa, kofia tatu nzima, alisema Honi. Yake ilikuwa imetundikwa kwenye kiwiko. Ya Mstaafu ilining'inia usukanini. Ya Sheria alikuwa ameikalia.

— Hizo zenu. Nauliza ya abiria.

Sheria akainuka kidogo, akaichomoa ile aliyoikalia.

— Kisheria zinatakiwa mbili, alikiri Sheria. Na mimi ya pili ninayo. Iko nyumbani.

— Inafanya nini nyumbani? aliuliza Mama Birika.

— Kuku ameilalia.

— Mtoe.

— Ana mayai, mama. Mpangaji hatolewi bila notisi.

— Yangu wife anapimia mahindi, alisema Honi. Kipimo chetu ni kile, hata majirani wanakiamini.

— Yangu iko juu ya bati, alisema Mstaafu. Panavuja.

Binti aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwa anakejeli. Alitaka kujua tu.

— Sasa nikianguka?

Mstaafu, ambaye hakuwahi kukosa methali tangu azaliwe, alifungua mdomo, kisha akautumia kunywea kahawa.

Mama Birika aliweka kikombe chini.

— Basi nisikilizeni. Sitaki honi, sitaki mbuzi, sitaki shahidi. Atakayekuwa wa kwanza kurudi hapa na kofia ya mwanangu, kazi ni yake. Leo na siku zote.

Hawakungoja aseme zaidi. Vikombe viliachwa vikiyumba, benchi likapiga teke la nyuma, injini tatu zikapigwa kiki kwa pamoja. Wakatoka kwenye njia ya vumbi na kuingia kwenye lami kama kuku walioona mwewe. Sheria hakumtazama mtu yeyote machoni. Honi aliisahau honi. Mstaafu alishika upande wa wanaokuja, lakini aliokuwa akiwaangalia ni wenzake wawili, asije akaachwa.

Tairi zikalia. Gari dogo la rangi ya maziwa, lililokuwa likipita na shughuli zake, lilisimama mshazari, pua yake ikigusa mwisho wa ule ubao. Kikombe kimoja kilibingirika kikakomea mguuni kwa binti. Pikipiki zilikuwa zimeshatokomea, moja huku, mbili kule, wala hakuna aliyegeuza shingo, na vioo vya kumwonyesha yaliyo nyuma hakuna aliyekuwa navyo.

Mlango wa gari ulifunguka kidogo. Aliyekuwamo alichungulia nyuma kwanza, akahakikisha hakuna anayekuja, ndipo akaufungua wote. Alikuwa mzee wa miwani, mkanda bado umemchora begani.

— Wale vijana, alisema, wanakimbilia nini?

Mama Birika aliangalia lami. Tairi zilikuwa zimeacha mistari miwili myeusi.

— Wamefuata kofia, mzee wangu.

Mzee akaketi kwenye benchi mahali palipokuwa bado pana joto la Sheria.

— Nipatie kahawa basi, mwanangu. Nikae kidogo.

Mama Birika aliinua birika, akaliinamisha. Likatoa tone moja na machicha.

— Imekwisha. Wameimaliza wakiwasema ninyi madereva.

Alilifunika jiko kwa bati, akajifunga khanga vizuri, akamgeukia binti.

— Vaa raba.

Binti alivaa raba, akatia viatu vyeusi kwenye begi. Wakasimama ukingoni mwa lami. Mama akatazama upande huu, akatazama upande ule, akarudia upande huu, na hata palipokuwa peupe kabisa akangoja kidogo. Binti alikuwa ameshafika umri wa kuona haya kushikwa mkono mbele za watu. Akashikwa hivyo hivyo, wakavuka.