Marehemu Arulappa na Mapipa ya Kollaimedu

Marehemu Savarimuthu Arulappa alizaliwa Jumapili tarehe 14 Aprili 1957 hapa Kollaimedu, kando ya mto Palar, mtoto wa tatu wa mzee Savarimuthu, aliyefanya kazi ya ngozi kiwandani, na mama Rosammal.

Alianza shule ya misheni mwaka 1963. Wengine watasema alikuwa mwanafunzi mtulivu. Hakuwa. Darasa la nne alibeba kopo la maji ya mfereji wa viwanda, akaliweka mezani kwa mwalimu na kuuliza kwa nini yana rangi ya buluu. Alichapwa. Kesho yake akaleta kopo la pili. Alihitimu masomo ya kemia huko Vellore mwaka 1978.

Tarehe 1 Agosti 1983 aliajiriwa na serikali kuwa mkaguzi wa taka za sumu. Sheria ilimruhusu kuingia kiwanda chochote saa yoyote, kufungua pipa lolote, kuchota, kuhoji na kuandika. Dada yake Thavamani alimtania: "Kaka, serikali imekupa ufunguo wa dunia nzima, na mkeo hakupi hata wa kabati la sukari!"

Mkewe huyo ni Jebamalai, aliyefunga naye ndoa tarehe 27 Mei 1985 katika kanisa letu. Siku ya posa, marehemu aliinusa kahawa kabla ya kuinywa. Bibi harusi mtarajiwa akasema mbele ya wazee: "Hiyo haina sumu. Bado." Walijaliwa watoto wawili, Amala na Irudayam.

Sasa yale ambayo marehemu mwenyewe aliagiza yasomwe leo, yasirukwe.

Septemba 1995, marehemu alihesabu mapipa mia tatu na arobaini ya tope la njano katika ua wa kiwanda cha kemikali kilichokuwa mwisho wa mtaa wetu. Alhamisi tarehe 9 Novemba alikwenda kuyafungua na kuchukua sampuli. Langoni alikuta ngoma za msiba. Mama wa mwenye kiwanda alikuwa amefariki alfajiri ile. Mlinzi, mzee Ezhumalai, alimwambia, "Bwana, maiti iko ndani." Marehemu alimjua yule mama tangu utotoni. Alivua viatu, akatoa pole, akarudi nyumbani. Hakuna kati yetu ambaye angefanya vingine.

Alingoja siku kumi na sita za matanga ziishe. Jumatatu tarehe 27 Novemba alirudi. Ua ulikuwa umefagiliwa na kuchorwa maua ya unga wa mchele. Hapakuwa na pipa hata moja. "Yamesafirishwa," alijibiwa. Yamepelekwa wapi? "Mbali." Aliomba amri ya kufukua. Hakimu alitaka atajiwe mahali, na marehemu hakuwa na mahali pa kutaja. Basi faili likafungwa. Ila katika faili lile, ukurasa wa tarehe 9 Novemba, aliandika kwa mkono wake: "Lango limefungwa, hakuna mtu." Aliona aibu kuandika kwamba alirudishwa na kilio.

Miaka mitatu baadaye kisima cha kwanza kikawa cha njano. Kisha cha pili. Kila Jumapili baada ya misa alizunguka visima na chupa zake, na akina mama wakapiga kelele: "Kaka Chupa huyo! Leo chai yetu ina rangi gani?" Alicheka nao. Lakini alipotembea aligonga ardhi kwa kisigino na kusikiliza. Aligonga sokoni, aligonga harusini, aligonga hata hapa makaburini. Jebamalai alimuuliza, "Unamkanyaga nani humo chini?" Alijibu, "Mia tatu na arobaini."

Alistaafu tarehe 30 Aprili 2015. Figo zilianza kumsumbua mwaka 2017, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki.

Oktoba 2019 mzee Ezhumalai alikuja kumtazama mgonjwa, ameshika ndizi. Alikaa sakafuni, akakataa kiti.

"Kaka, yale mapipa yapo chini ya uwanja wa watoto," alisema. "Ule walioutoa wenye kiwanda kwa kumbukumbu ya mama yao. Waliyazika ndani ya zile siku kumi na sita."

Marehemu alikuwepo uwanja ulipofunguliwa. Alipewa kiti cha mbele na peremende.

"Miaka yote uliniona nikigonga," alisema.

"Nilikuona. Nilikuwa nakula wali wao. Sasa mjukuu wangu anacheza bembea pale."

Wiki ile ile marehemu aliandika maelezo yake kwa serikali: mahali palipo na mapipa, na uongo wake wa tarehe 9 Novemba. Jebamalai alimkemea. "Unakaribia kufa, ndipo unajiita mwongo? Nao wakizuia pensheni?" Alimjibu, "Nikificha ukurasa mmoja, nani ataamini mwingine?" Jebamalai alinuna siku mbili. Siku ya tatu alimshikia karatasi akaweka sahihi.

Amri ya kufukua ilitoka Jumatatu tarehe 10 Februari 2020. Alisomewa mara mbili. Alifariki kesho yake, saa tisa mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwa Amala.

Wakaguzi wenzake walikuja kutoa pole na kusema watasogeza kazi mbele, hadi matanga yaishe. Jebamalai aliinuka mkekani. "Siku kumi na sita tena? Nendeni mkachimbe. Nyie ndio mnaojua kufungua, sisi kuzika tutaweza wenyewe."

Kwa hiyo wenzake hawapo hapa leo Alhamisi, na asiwalaumu mtu. Mkisikia mashine upande wa mashariki wakati Padri anasali, msigeuke kwa hasira. Karatasi hii imepigwa chapa kabla hatujajua watakuta nini.

Ameacha mjane Jebamalai, watoto Amala na Irudayam, wajukuu watatu, na dada yake Thavamani.

Mungu ampe pumziko alilolikosa miaka ishirini na minne.